Bi Daftari Anajibu: Mafuta ya Mia Tano na Ndoo ya Mzee wa Arusha

Barua ya kwanza mwezi huu imeandikwa nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka jana, mwezi wa Septemba, mwandiko mdogo mpaka pembezoni. Kabla sijaisoma nilishampa mwandishi nusu ya maksi. Kwa wasomaji wapya: mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, naishi Ngamiani hapa Tanga, na jina la Bi Daftari nilipewa na wanafunzi wangu, tena si kwa kunisifu. Dawa ya umaskini sina. Nina kopo la kupimia, mizani ya jikoni na daftari la kurasa 96, na mtu akiniuliza abane wapi, namwambia apime kwanza.

Shikamoo Bi Daftari. Tuko watu watano. Mume wangu ananiachia shilingi 10,000 kila asubuhi. Nanunua kwa Mangi vya siku hiyo hiyo: mkaa wa 2,000, mafuta ya 500, sukari robo, maharage, unga. Ikifika tarehe 20 anaanza kuacha 5,000 na mimi naanza kukopa. Nimeacha hata kusuka nywele na bado haitoshi. Nianzie wapi?
*Mama Watatu, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Anza kwa kwenda kusuka. Nywele umezipa sentensi nzima na mkaa umeupa maneno matatu, wakati mkaa ndio unaokula nyumba yako. Elfu mbili mara siku 30 ni 60,000. Ungekuwa unasukwa kila wiki usingefika huko.

Nikuulize: ukishaepua chakula cha mchana, mkaa uliobaki unaufanyaje? Najibu kwa niaba yako, kwa sababu nilikuwa nafanya vilevile. Unauacha ufe wenyewe, jioni unakuta majivu, unawasha mwingine. Tafuta debe kuukuu au sufuria bovu lenye mfuniko unaobana. Ukimaliza kupika, chukua koleo, hamishia mkaa unaowaka humo ndani, funika. Moto ukikosa hewa unakufa, na mkaa unabaki mkaa. Kesho unawaka upesi kuliko mpya maana umeshakauka. Nilipima kwa mizani wiki nzima: karibu theluthi ya kila nilichowasha kilirudi. Debe likae nje, mwanangu, usiliingize chumbani mnakolala hata kama mvua inanyesha. Mkaa unaokufa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Halafu maharage. Ukiyapika makavu, nusu ya huo mkaa wa 2,000 inakwenda hapo. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, yachemke kwelikweli dakika 20 mpaka nusu saa. Usikatishe hapo, maharage yasipochemka vizuri yanaumiza tumbo. Sasa chukua kapu la ukindu, lile kubwa la sokoni, ulijaze matambara na vipande vya godoro la sponji lililochakaa, uache katikati shimo la kiasi cha sufuria. Ingiza sufuria likiwa linatokota, mfuniko juu yake, mto juu ya mfuniko, na usifunguefungue kuchungulia! Watoto nyumbani kwangu walikuwa wanachungulia kila baada ya dakika tano, maharage yakatoka kama kokoto, wakasema kapu la bibi ni uchawi ulioshindikana. Baada ya saa tatu au nne unakuta yameiva, ya moto bado. Kinachobaki ni kuyaunga.

Najua kuna mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia hiyo. Siku ukipata mtungi, kapu litakusaidia na gesi pia. Ila mchana huu unapikia mkaa, ndiyo maana nimeanzia hapo.

Sasa mafuta. Nilimtuma mjukuu akaninunulie ya 500, nikayamimina kwenye chupa ya dawa ya kikohozi ya mililita 100. Hayakujaa, yaliishia 80. Piga hesabu: lita moja unaipata kwa 6,250, na duka lile lile linauza lita nzima 5,000. Kwa mwezi unatumia 15,000 kupata lita mbili na kidogo, badala ya tatu kamili. Lakini ngoja. Wanaokwambia "nunua kwa jumla" wanasahau jambo moja: dumu likiwa limejaa, mkono unakuwa mwepesi. Mafuta ya 500 yanakulazimisha upime. Ya dumu unamimina tu. Mwezi wa kwanza niliponunua dumu la lita tano nilikaanga mpaka vitu visivyokaangwa. Kwa hiyo nunua lita, kisha jaza kichupa kidogo cha siku tatu, hiyo lita ifunge kabatini. Kichupa kikiisha kabla ya siku tatu, siku hiyo mnakula mchemsho.

Mweleze mume wako hesabu hii na daftari mkononi, umwombe akuachie ya wiki kwa vitu vitatu tu: mkaa, mafuta, sukari. Vingine viendelee vya siku. Usimwombe ya mwezi mzima, ataona unataka kumfilisi. Na kukopa kwa Mangi kuna aibu yake, lakini usije ukaiponya aibu hiyo kwa mikopo ya kausha damu. Huko unarudisha mpaka kitanda.

Shikamoo bibi. Nakaa geto, napika mwenyewe. Wali wa jioni ukibaki nausunda kwenye sufuria, asubuhi napasha moto nakula na chai kabla ya kwenda kazini. Mara mbili nimeharisha. Rafiki zangu wanasema nitupe, lakini mimi kutupa chakula siwezi, nimelelewa na bibi. Niupashe moto kiasi gani?
*Kijana wa Mabatini, Mwanza*

Marahaba mjukuu. Bibi yako alikulea vizuri ila hakukwambia kila kitu. Wali una kijidudu ambacho mbegu zake zinastahimili kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu usiku kucha, mbegu zile zinaamka, zinazaliana na kuacha sumu. Moto wa asubuhi unaua kijidudu lakini sumu inabaki pale pale. Kwa hiyo hata ukipasha mpaka uungue, haisaidii. Wali wa nazi ndio mbaya zaidi, unachacha kabla hata hujalala. Ukinusa ukasikia ule uchachu, umeshachelewa. Na wakati mwingine haunuki kabisa na bado una madhara.

Kama una jirani mwenye friji, uueneze wali kwenye sinia upoe haraka, ndani ya saa moja au mbili uwe umeshaingia humo. Usiuache kwenye sufuria na mfuniko juu, hapo unaulea. Kama friji huna, dawa yako si kupasha, ni kupima. Chukua kikombe cha chai, kile cha kawaida. Kikombe kimoja cha mchele ni kama gramu 200. Mtu mmoja mwenye njaa ya kubeba mizigo, robo tatu ya kikombe inamtosha na mboga yake. Wewe naona unamimina kwa jicho, na jicho la mwenye njaa halijui kupima. Fanya hivyo wiki moja uone mfuko wa mchele unavyochelewa kuisha.

Ukitaka kitu cha kula na chai asubuhi, bakisha ugali. Ugali mkavu uliopikwa ukaiva na kufunikwa kitambaa safi unavumilia kuliko wali. Ukate vipande, ukaushe kwenye kikaango bila mafuta mpaka upate ganda. Mimi nauweka chumvi kidogo na pilipili ya unga, na sikaribishi mtu. Hata huo usivuke asubuhi ya pili.

Bi Daftari, kila siku natupa machicha ya nazi na moyo unaniuma. Yana kazi?
*Mpishi wa Michenzani, Unguja*

Dada yangu, Mzanzibari kumuuliza mtu wa Tanga habari za nazi! Haya. Kwanza hakikisha kweli ni machicha: umekamua tui la kwanza, ukaongeza maji ya vuguvugu ukakamua la pili, na kifumbu kimekauka mkononi. Wengi wanatupa nazi, si machicha. Yakishakuwa machicha kweli, wape kuku, au sugulia masufuria yenye masizi pamoja na jivu kidogo. Mafuta yaliyobaki ndani yake yanang'arisha. Kuna wanaoyapikia kashata. Zangu zilitoka kama vumbi la mbao, sirudii. Vifuu usitupe hata kimoja, kausha, ni kuni nzuri za kuwashia jiko. Maganda makavu ya machungwa ya Muheza nayo vilevile, yanawaka kama yametiwa mafuta ya taa.

Bi Daftari, nakusalimu. Mimi ni mzee mwenzako, miaka 66. Hapa nyumbani kila taa ina mtu wa kuisahau. Nimeondoa balbu ya korido na ya chooni, nimepiga marufuku kuchaji simu usiku, na bado LUKU inakimbia. Wanangu wananiita bahili. Asubuhi naamka saa kumi na moja, nachemsha ndoo yangu ya kuoga kwa hita, nakuta taa ya nje inawaka tangu jana. Niwafanyeje?
*Mzee wa Sakina, Arusha*

Salama, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili natafuta umeme unakokwenda, nikaukuta kwenye maneno uliyoyapita haraka: ndoo yangu ya kuoga.

Chukua karatasi. Uniti 1 ni wati 1,000 kwa saa moja. Balbu ya nje, kama ni hizi za LED za wati 9, ikiwaka saa 10 usiku kucha inatumia sawa na wati 90 kwa saa moja tu. Mpaka imalize uniti 1, zinapita siku 11. Sasa geuza hita yako uangalie maandishi kwenye mpini. Nyingi za kuzamisha kwenye ndoo ni wati 1,500. Dakika 40, uniti 1 imekwenda. Yaani taa ya nje, kwa siku 11 walizoisahau, imekula sawa na ndoo yako ya asubuhi moja. Simu nazo, ukichaji moja kila usiku mwezi mzima, hufikishi uniti 1. Na kama mita yako iko kwenye lile kundi la matumizi madogo, lisilovuka uniti 75 kwa mwezi, ndoo peke yake inachukua 30 kati ya hizo. Ukivuka, bei ya uniti inaruka, halafu unawalaumu watoto.

Sikwambii uoge maji ya baridi. Naijua Arusha ya mwezi wa saba, nilifundisha huko mwaka mmoja na nilikuwa nalala na soksi. Lakini unayapasha mpaka hayashikiki, kisha unayachanganya na ya baridi, unaoga nusu, nusu nyingine inabaki inapoa. Sivyo? Maji lita 20 kuyatoa kwenye ubaridi wa alfajiri mpaka yawe ya kuoga yanataka dakika 20 hivi, nusu uniti. Lita 10 yanataka dakika 10. Oga kwa lita 10, kopo mkononi, kama tulivyokuwa bwenini. Weka saa ya simu ikuite, maana naona wewe ukishawasha hita unakwenda kukagua taa. Na uzime ukutani kabla hujagusa maji. Hiyo si ya kuweka akiba, ni ya kukuacha hai.

Pasi ni ndugu ya hita. Wati 1,000 au zaidi. Watoto wapige nguo za wiki nzima mara moja, waanze na nzito, wachomoe pasi, zile nyepesi zimaliziwe na joto lililobaki. Shati moja kila asubuhi ni hasara, kwa sababu kila asubuhi unalipia kuipasha moto upya.

Balbu ya chooni irudishe leo hii. Mzee wa miaka 66 akiteleza chooni gizani, hiyo bili haiingizwi kwa namba za LUKU. Kuhusu kuitwa bahili sitakutetea. Anayeoga maji ya moto ni wewe, wanaopapasa ukuta gizani ni wao. Ungeanza kupunguza kwenye ndoo, nadhani hata taa wangezizima bila kuambiwa.

Bibi mwenzangu, vipande vya sabuni ya mche vikiwa vyembamba vinateleza na kupotelea kwenye maji machafu. Wewe unavifanyaje?
*Bi Mkubwa, Korogwe*

Soksi iliyopoteza mwenzake. Nakusanya vipande humo, nafunga fundo, nasugulia nguo hivyohivyo mpaka soksi inabaki tupu. Tuliofua kwa majani ya mpapai mwanzoni mwa miaka ya 1980 hatuna ubavu wa kutupa sabuni. Baada ya vita vya Kagera Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18. Mimi na wewe naona hatujaulegeza mpaka leo. Mjukuu wangu nikimsimulia foleni ya sabuni na unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano, anadhani natunga.

Bi Daftari, toleo la Machi ulisema nyanya zikishuka bei tununue nyingi tukaushe. Nimenunua tenga zima. Nusu zimeoza, zilizokauka zimeota ukungu ndani ya gunia. Nani atanirudishia pesa yangu?
*Mwenye Hasira, Dodoma*

Kosa ni langu, na adhabu yangu nilishaipata kabla yako, ila niliona aibu kuiandika. Mwezi wa nne mwaka jana nilinunua tenga la nyanya za Lushoto kwa mchuuzi aliyekuwa anawahi kurudi. Nikalifunga kwenye baiskeli, nikalisukuma mpaka nyumbani kama bibi harusi. Usiku ikaanza masika. Siku nne hatukuliona jua. Siku ya pili ya chini zikapasuka kwa uzito wa za juu, ya tatu maji yakaanza kutoka chini ya tenga, ya nne majirani wakauliza kuna nini kimekufa. Wahenga walisema akiba haiozi. Nyanya hawakuzitaja.

Wewe wa Dodoma jua unalo, na hewa yako ni kavu, ungeweza. Nadhani ulizikata nusu kwa nusu. Nyanya karibu yote ni maji, zaidi ya asilimia 90. Kipande kinene kinakauka nje na kubaki kibichi ndani, ukikifunga guniani kinatoa jasho, ukungu unaanza. Kata vipande vyembamba kama ukucha, nyunyiza chumvi, panga kwenye wavu au mkeka safi ulioinuliwa kutoka chini, funika chandarua chakavu kwa ajili ya nzi, ingiza ndani kila jua linapozama. Siku tatu nne, kwa jua lenu. Kipande kikikunjwa bila kutoa unyevunyevu, ndipo kiingie kwenye chupa yenye mfuniko. Usitumie gunia. Na zilizoota ukungu usizipunguze na kuzioshaosha, tupa zote.

Lakini ushauri ambao ningeutoa Machi kama ningekuwa na akili ni huu: tafuta wenzako watatu, mgawane tenga. Kila mtu anapata ndoo moja ya bei ya jumla, na ndoo moja familia inaimaliza bila kukausha chochote. Kwangu sasa tuko wanne, watu wa barabara mbili, na tunachangia vilevile vitunguu na mchele wa Korogwe. Pesa yako siwezi kurudisha. Andika anwani yako vizuri, nitamwomba mhariri akutumie toleo lijalo bure.

Shikamoo. Tuko wapangaji sita, bomba moja uani, bili ya maji tunachanga. Koki inadondosha usiku na mchana. Mwenye nyumba anasema tone ni tone tu, tusimsumbue.
*Mpangaji, Tanga*

Marahaba, jirani yangu kumbe. Usibishane naye. Leo saa nne usiku, wote mkishalala, weka ndoo chini ya hilo bomba. Saa kumi na mbili asubuhi ipime kwa kopo la lita. La kwangu lilijaza lita 5 kwa saa nane, yaani lita 15 kwa siku, lita 450 kwa mwezi. Hayo ni madumu 22 na nusu ya lita 20, na mimi nilikuwa nalipia madumu hayo huku nikichotea maua maji ya kuoshea mchele ili niokoe. Nilicheka peke yangu.

Mpelekee mwenye nyumba hiyo ndoo asubuhi hiyo hiyo kabla hajaswaki, mwambie na hesabu ya mwezi. Akikataa bado, fungeni koki kubwa ya kwenye mita, fungua kichwa cha bomba kwa spana, ndani utakuta kipira kidogo cheusi kilicholika upande mmoja. Hicho tu. Nenda nacho dukani kama kilivyo ili upewe saizi yake. Bei yake haifiki soda. Nunua viwili. Mwenye nyumba akiona bomba limenyamaza atakuja kukuomba cha kwake.